Kitenge Anammisi Nani

Usiku wa jana niliota nimefungua boneti ya gari letu, na mahali pa injini nikakuta sebule yetu.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai mahali pa kushangaa, hushangaa mbele ya safari, tena kwa kitu kisichohusika. Nilichojiuliza ni kimoja tu: nivue viatu au nisivue? Sakafu ilikuwa imetapakaa oili, lakini Mama hapendi mtu akanyage sebule na viatu, na sikujua katazo lake linafika hadi ndani ya boneti au linaishia mlangoni.

Kabla sijaingia, niwaeleze gari lenyewe, maana wengine hamlijui. Jina lake Kitenge. Mlango wa dereva ni wa kijani, wa abiria una rangi ya maziwa, boneti ni nyekundu, na buti lina rangi ambayo hata aliyeipaka hana jina lake. Ndilo linalobeba ndizi za Mama kutoka hapa Tukuyu hadi sokoni Uyole. Likiwa linakwenda, halina neno. Shida ni likisimama. Mafundi wa kwetu hali hiyo huiita sailensa: gari limewaka, limetulia, mguu haujagusa mafuta. Magari ya watu yakiwa sailensa huguna taratibu kama paka aliyeshiba. Kitenge akiwa sailensa hutetemeka kama mtu aliyeoga maji ya Tukuyu mwezi wa saba, kisha hukohoa, kisha huzima. Askari wa barabarani akimsimamisha Mama, ndizi zinaivia palepale.

Wiki iliyopita tulimwita fundi Anyosisye. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Linamisi," yaani injini inaruka mlio mmoja, akaondoka.

"Linammisi nani?" akauliza Dada Subi.

Tulicheka wote isipokuwa Baba. Baba alilitazama gari, akanitazama mimi, akalitazama tena gari. "Hawa wawili wana ugonjwa mmoja," alisema. "Wamewaka, ila hawaendi."

Alikuwa ananisema mimi, Luse. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo niko nyumbani, niko sailensa. Sasa mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasimama katikati ya uwanja nikatangaza kwamba ugonjwa wa Kitenge nitautafuta mwenyewe, hapahapa nyumbani, kwa spana na simu yangu. Baba alikubali haraka mno, nikajua nimeingia mtegoni.

"Vizuri. Jumatatu asubuhi Mwalwisi wa vyuma chakavu anakuja na kamba. Kama gari bado linatetemeka, anaondoka nalo. Na wewe anakupitisha Tunduma kwa mjomba wako, ukauze mabati."

Mjomba wangu wa Tunduma hajawahi kucheka. Nimejaribu. Nimemjaribu harusini, nimemjaribu Krismasi, mara moja nilimjaribu akiwa anatekenywa na watoto. Mtu kama mimi akiishi na mtu kama yule, mmoja wetu lazima afe, na yeye ana afya nzuri.

Basi Jumapili yote nilishinda nimeinama. Nilisugua plagi kwa mswaki wa Baba, nikaurudisha. Nilipuliza chujio la hewa. Nilishika waya wa plagi kwa mkono mtupu, umeme ukanisalimia hadi begani. Jioni nikawasha gari: Kitenge akatetemeka, akakohoa, akazima. Nikaenda kulala na oili kwenye kucha, nikijua kesho naondoka nyumbani nimefungwa nyuma ya gari bovu.

Hayo yalikuwa ya nikiwa macho. Turudi ndani ya boneti.

Navua viatu. Naingia.

Sebule ni yetu kabisa. Vitambaa vya kufuma viko juu ya makochi, kalenda ya mwaka juzi iko ukutani, na ile picha ya Baba wakati ana nywele. Ila kwenye kila kochi amekaa pistoni, jumla wako wanne, na kila mmoja amevaa plagi kichwani kama kofia ya baraghashia. Hawatulii. Huyu akipanda, yule anashuka, kama wageni wanaopishana msibani wakati hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukaa.

"U," akasema pistoni wa kwanza alipofika juu.

"Go," akasema wa tatu.

Akapanda wa nne. Akafungua mdomo, ukatoka upepo.

"Le," akamalizia wa pili.

Nikafikiri sana. Kisha nikaelewa: Ugonile. Ndiyo salamu yetu Wanyakyusa ya asubuhi, kumuuliza mtu kama amelala.

"Bado nimelala," nikajibu. "Ndaga, asante."

Hapo ndipo nilipojua utaratibu wa nyumba ile. Kila mmoja anasema akiwa juu tu, na zamu zao zinakwenda wa kwanza, wa tatu, wa nne, wa pili. Msiniulize kwa nini, injini ndivyo zilivyojipanga. Wakisema sentensi, kila mmoja hutoa neno moja. Na neno la tatu siku zote linamwangukia yule wa nne, ambaye ndiye hatoi.

"Jamani, shida yenu nini?" nikauliza.

"Shida," akasema wa kwanza.

"Yetu," akasema wa tatu.

Upepo.

"Tu," akasema wa pili, na wote wakanitazama kama watu waliokwisha kueleza kila kitu.

"Naona mmefika kabla ya kuondoka," nikasema. "Rudieni."

Wakajaribu njia nyingine. "Mwenzetu," "anamisi," upepo, "yake."

Nikachuchumaa kwenye oili, nikakuna kichwa. Shuleni Kiswahili nilikuwa naambulia vizuri tu. Yake. Kwa hiyo si mke, mke angekuwa wake. Si gari, lingekuwa lake. Si viatu.

"Anamisi nyumba yake?"

Wakatikisa plagi.

"Suruali yake?"

Wakatikisa tena, kwa huzuni kidogo. Nikamtazama yule wa nne chini, ili nihakikishe. Suruali alikuwa nayo. Ila juu alikuwa amevaa sweta yangu ya shule, ile ya bluu iliyochanika kwapani, na mimi nikaona ni sawa, kila mtu huvaa anachokipata.

"Mama yake?"

Pistoni wa kwanza akahema. Wakasogeleana, wakashauriana kwa kupanda na kushuka, wakarudi na sentensi mpya. "Mtu," "hapigi," upepo, "mlangoni."

"Hapigi nini mlangoni?"

Upepo.

"Hapigi simu?"

Hapana.

"Hapigi pasi? Hapigi magoti? Hapigi mswaki?" Hapo nilinong'ona, kwa sababu ya mswaki wa Baba. "Hapigi chafya? Hapigi picha?"

Najua ninyi mnalijua neno. Na mimi nikiwa macho nalijua, nalisema kila siku nikienda kwa jirani kuomba chumvi. Lakini ndotoni lilikuwa limeondoka kichwani, na palipokuwa neno pamebaki shimo lenye upepo. Nikazidi kupiga: ngoma, miluzi, kura. Pistoni wa pili akaweka uso mikononi, akapanda hivyohivyo, akashuka hivyohivyo.

Wakati huo sebule inatetemeka. Picha ya Baba inagonga ukuta. Kila wa nne anapokosa zamu yake, nyumba nzima inajikwaa, na kalenda inaacha siku moja.

"Chomoa," akasema wa kwanza, amechoka.

"Mmoja," akasema wa tatu.

Upepo.

"Mwingine," akasema wa pili.

Hilo nikalielewa mara moja, maana kwenye simu nilikuwa nimelisoma. Ukitaka kujua plagi ipi haifanyi kazi, unachomoa waya mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma. Ukichomoa na injini ikazidi kuyumba, basi huyo alikuwa mfanyakazi, mrudishe. Ukichomoa na pasibadilike kitu, umempata. Huyo hana kazi, huyo alikuwa anakaa tu.

Nikanyoosha mkono kwenye waya wa pistoni wa kwanza. Nilipoushika, ulikuwa mkono wa Baba.

Tuko jikoni kwetu sasa. Tumekaa kwenye vigoda kuzunguka moto: Baba, Mama, Dada Subi na mimi. Kila mmoja ana waya mweusi unaotoka kisogoni na kupotelea darini. Nyumba imewaka. Nyumba iko sailensa, masufuria yanagongana taratibu juu ya kichanja, na chai kwenye kikombe cha Baba inafanya viduara vidogovidogo. Mlangoni amesimama Mwalwisi wa vyuma chakavu, mkubwa kama kabati, kamba begani.

"Mnaendelea tu," anasema Mwalwisi. "Mimi sina haraka. Nachukua kitakachobaki."

"Tuanze na mimi," anasema Baba, kwa sababu ni mtu wa haki. Anachomoa waya wake mwenyewe.

Nyumba inayumba. Redio inakata katikati ya habari. Bati linasogea, tunaona mawingu. Kuku wote wanatoka bandani, wanajipanga mstari wakisubiri mtu wa kuwafukuza, na mtu huyo hayupo.

"Mrudisheni," anasema Mama. Baba anarudi. Bati linarudi.

Anachomolewa Mama. Moto unazima kwa adabu, kama mtu anayeaga. Ndizi zilizoiva zinarudi kuwa mbichi. Baba anaanza kutafuta chumvi ndani ya redio. Tunamrudisha Mama haraka kabla hajaipata.

Anachomolewa Dada Subi. Mlango unasahau unafungukia upande gani, simu ya nyumbani inalia ikimtaja jina, na Baba anasema jambo la kijinga kabisa kuhusu mbolea, hakuna wa kumbishia, linakuwa kweli. Tunamrudisha Subi. Jambo la mbolea linabaki kuwa kweli hadi leo, sijui tufanyeje.

"Sasa Luse," anasema Baba.

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali. Alinizungukia nyuma, akashika waya wa kisogoni kwangu kwa vidole viwili, kama anavyotoa mwiba, akavuta.

Sikusikia maumivu. Hicho ndicho kilichonitisha.

Niko nje, dirishani, natazama ndani. Nasubiri bati lisogee. Halisogei. Nasubiri moto ufanye chochote, hata moshi. Masufuria yanagongana vilevile, si zaidi, si pungufu. Chai ya Baba inafanya viduara vyake vilevile. Mama anapakua ndizi kwenye sahani tatu, na hakosei hesabu, na haangalii kigoda changu.

"Basi ni huyu," anasema Baba.

"Ni huyu," anasema Dada Subi. Anasema akitazama moto.

Mwalwisi anatoka nje, ananipima kiunoni kwa kamba. "Mwembamba. Ataingia kiti cha mbele."

"Ngojeni kwanza," nikasema. Hakuna aliyenisikia, nimechomolewa. Nikatoa mzaha wangu wa akiba, ule wa mchungaji na mbuzi, ambao sijawahi kuutoa ukarudi bila kicheko. Nikauona unatoka mdomoni, unafika kwenye kioo cha dirisha, unateleza, unaanguka kwenye maua ya Mama. Mwalwisi akaukanyaga, hakujua.

Nje palikuwa kimya. Ndani wao wana masufuria, wana redio, wana moto. Huku nje hakuna kinachogonga. Nikasema moyoni, kumbe hii ndiyo sailensa yenyewe, nimefika, na hakuna kitu.

Ila kulikuwa na kitu.

Sssss.

Sauti nyembamba, kama mtu anayenyonya chai ya moto kwa uangalifu. Nikiwa kwenye kigoda nisingeisikia kamwe. Nikaifuata nyuma ya nyumba, Mwalwisi akinifuata pole na kamba yake, na nyuma ya nyumba hapakuwa na migomba, palikuwa ni nyuma ya injini. Giza, joto, harufu ya mpira. Nyuma ya ukuta wa pistoni wa nne linapita bomba la mpira, nene kama mgomba. Kwenye kona bomba lina ufa. Na kwenye ufa kuna jamaa mrefu, mwembamba, amevaa koti la vumbi, mguu mmoja uko ndani na mwingine uko nje.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Hewa," akasema, bila kugeuka.

"Hewa inapita mbele. Kuna mlango kule, kuna chujio."

"Kule kuna foleni. Na yule mlinzi wenu anapekua mtu hadi vumbi la mfukoni. Vumbi la mfukoni ni siri ya mtu."

"Kwa hiyo umeona upite ufani."

"Kaka, tangu mdogo naambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikasema ngoja niwaone hao wajenzi. Nimepita hapa kila siku. Sijaona hata tofali."

Ukweli ni ukweli. Nikamwambia, "Kule ndani kuna mtu anashtuka kila ukiingia. Anapoteza zamu yake. Wanasema wewe hupigi..." Neno likakataa hata pale. "Hupigi kile kitu. Kile kinachopigwa mlangoni."

"Pasi?"

"Siyo pasi."

"Basi sijakipiga," akasema Hewa, akatafakari. "Na wewe ulipoingia kwenye boneti ulikipiga?"

"Nilivua viatu."

"Viatu ni adabu ya miguu tu."

Nikamshika mguu ili nimvute, mkono ukapita katikati yake. Nikamshika koti, vumbi likabaki mkononi na yeye akazidi kuingia. Ndani nyumba ikajikwaa, nikasikia sahani moja ikianguka, nikasikia Mama akisema, "Hata alipoondoka bado?"

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nimechomolewa na nyumba bado inatetemeka. Sasa kama si mimi, ni nani? Nikataka kurudi dirishani niwaambie, lakini Mwalwisi alikuwa ameshanizungushia kamba kiunoni na anatafuta mahali pa kufunga fundo. Spana nimeiacha upande wa macho. Sina kitambaa, sina gundi, sina mzaha. Nilichokuwa nacho ni kidole gumba.

Nikakitia kwenye ufa.

Hewa akanaswa katikati. Akaanza kukivuta kile kidole kwa ndani, kwa nguvu, kama ndama aliyepewa kidole badala ya chuchu.

"Toa kidole," akasema.

"Sitoi."

"Utachoka."

"Sina kazi nyingine."

"Watu wote husema hivyo. Baadaye wanakumbuka wana safari, wana shamba, wana mkutano."

"Mimi nimekaa nyumbani tangu nimalize shule," nikamwambia. "Kukaa ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri. Wewe vuta tu."

Akavuta. Mwalwisi naye akavuta kamba upande wa pili. Nikawa katikati, nimenyooka kama waya wa kuanikia nguo, na kidole hakikutoka.

Halafu, upande wa pili wa ukuta, nikamsikia pistoni wa nne akipanda. Nikasubiri upepo. Haukutoka upepo.

"Hodi," alisema. Sauti yake ilikuwa yangu, na kikohozi kidogo.

"Karibu," wakajibu wale watatu, kwa mara ya kwanza kwa pamoja, jambo ambalo injini hairuhusu.

Hodi. Neno dogo hivyo. Nilitaka kucheka, lakini walikuwa wameshaanza sentensi nyingine, na safari hii haikuwa na shimo.

"Kaka," akasema wa kwanza.

"Usitoe," akasema wa tatu.

"Kidole," akasema wa nne.

"Hapo," akasema wa pili.

Nikaamka. Aliyekuwa anagonga mlango wa chumba changu ni Baba.

"Luse. Mwalwisi amefika. Jiandae."

Nilikaa kitandani nikiwa sijui niko upande gani. Shuka langu, ukuta wangu, jogoo wanawika kama kawaida. Nikasema ndoto ni ndoto, nikanyoosha mkono nichukue shati, na hapo nikakiona kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimevimba. Ngozi ya ncha imekunjamana nyeupe, kama ya mtu aliyefua siku nzima, na kimezungukwa na alama ya zambarau, duara kamili, kama kimenyonywa. Nikakinusa. Mpira wa gari.

Sikuvaa hata shati. Nilitoka na shuka.

Uwanjani Mwalwisi alikuwa ameshafunga kamba mbele ya Kitenge. Kwa mchana ni mtu wa kawaida, hata si mrefu. Baba alikuwa amewasha gari ili mgeni aone mwenyewe kwamba hatumdanganyi, na Kitenge alikuwa anatetemeka kwa bidii, milango ya rangi zote ikigongana. Mama alisimama na tenga la ndizi kichwani, hakulitua, kama mtu ambaye bado hajakubali. Begi langu lilikuwa kibarazani. Alilipanga nani, sikuuliza.

Nikafungua boneti. Hapakuwa na sebule. Palikuwa na injini tu, na ninakiri nilivunjika moyo kidogo.

"Hodi," nikasema, kwa sauti ya chini.

"Unamsalimia nani?" akauliza Mwalwisi.

Nilipitisha mkono nyuma, chini ya boksi la chujio, kule ambako jana macho hayakufika. Vidole vikapapasa bomba la mpira, vikafika kwenye kona, na gumba likaingia mahali pake lenyewe. Ile alama ya zambarau ikakaa juu ya ufa kama kifuniko kinavyokaa juu ya chungu chake.

Kitenge akatulia.

Alitulia hivi hivi, katikati ya mtetemo. Milango ikanyamaza. Tukasikia jirani anafagia.

"Limezima?" akauliza Mama.

"Linawaka," akasema Dada Subi, akaweka kiganja juu ya boneti. "Mama, linawaka. Njoo uguse."

Mama akalitua tenga. Akagusa. Mwalwisi akagusa pia, kisha akamgeukia Baba. "Mzee, si ulisema linatetemeka?"

"Lilikuwa linatetemeka." Baba alinisogelea, akainama hadi shavu lake likawa karibu na langu. "Umefanya nini?"

"Nimeweka kidole."

"Kitoe tuone."

Nikatoa. Kitenge akajikwaa, akakohoa, milango ikaanza.

"Rudisha," alisema Mama, kabla Baba hajafungua mdomo.

Nikarudisha. Kukawa kimya tena, gari likaguna taratibu kama paka wa watu. Baba akabaki ameinama vile vile, akisikiliza, muda mrefu kuliko injini ilivyohitaji.

"Bomba lina ufa," nikamwambia. "Hewa inaingia bila kupita mlangoni. Linahitaji bomba jipya, au mpira wa kufunga kwa sasa."

"Nitakwenda dukani kuutafuta," akasema Dada Subi. "Na huyu atakaa hivi mpaka nirudi?"

"Atakaa," akasema Baba.

Mwalwisi alifungua kamba yake bila kinyongo, akaikunja begani. Akafika kibarazani, akalitazama begi langu, akakumbuka. "Na huyu wa Tunduma, Mzee? Uliniambia nimbebe. Mimi napita huko leo."

Baba alinitazama nilivyopinda pale, shuka begani, mkono umezama kwenye injini hadi kiwiko.

"Huyu haendi popote," alisema.

Mama akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha chai. Akaninywesha mwenyewe, funda kwa funda, maana mkono wangu ulikuwa kazini.